Chungu cha Alhamisi

Nchi ninayoieleza ipo, watu wake wapo, na idadi yao inajulikana mpaka nukta. Jina lake silitaji kwa sababu limepelekwa kwenye Kamati ya Mapitio, na sheria inakataza kulitumia kabla Kamati haijalirudisha. Msomaji asisumbuke kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi nzuri, ina serikali inayotupenda, na popote utakapokuta jambo la kutia wasiwasi katika maelezo haya, ujue kosa ni la macho yangu.

Mwaka ule serikali iligundua kwamba haitujui. Waziri wa Vipimo vya Jamii, Mheshimiwa Profesa Ngwembele, alikuwa amerudi kutoka mkutano wa nchi za mbali akiwa na majonzi. Huko aliulizwa, mbele ya mawaziri wenzake, nchi yake ina kaya ngapi, naye akajibu kwamba ina watu wengi tu na wanaishi vizuri. Mawaziri wenzake wakainamisha nyuso wakatazama meza. Aliliambia Bunge kwamba nchi isiyojua idadi ya kaya zake ni sawa na mtu mzima anayekatiza sokoni bila suruali. Bunge likasimama dakika moja, kimya, kuiombolezea suruali hiyo.

Ndipo likaletwa Dodoso. Lilikuja kwa ndege ndani ya sanduku la chuma, kurasa arobaini na moja za maswali yaliyokwisha kufanya kazi katika nchi kumi na tisa. Ukurasa wa kwanza ulieleza kaya ni nini: mtu au watu waliokula chakula cha jioni kutoka chungu kimoja na kulala chini ya paa moja, usiku wa kuamkia siku ya hesabu. Kule lilikotoka, nasikia, sentensi hiyo haimsumbui mtu. Kila mlango una chungu chake, kila mtoto anakijua chungu chake, na jioni ikiingia mitaa inatulia kama maktaba. Sina sababu ya kuwacheka. Ni sentensi nzuri, imekatwa vizuri, na inawatosha walioishona.

Kamati ya Tafsiri ilikaa siku tisa kuitafutia sentensi hiyo neno lake. Walijaribu mji, wakajaribu jamaa, wakajaribu ukoo na nyumba, na kila neno walilolifungua lilikutwa lina watu wengi mno ndani. Mwishoni wakachukua kaya, wakaondoa humo shangazi, wajomba, wageni waliokuja kwa wiki moja wakakaa miaka minne, na majirani wote. Kilichobaki kikapewa jina la Kaya Halisi.

*

Mimi nilikuwa mdadisi namba 417. Nina stashahada ya takwimu, na siku nilipoitwa kwenye mafunzo nilipiga pasi gauni langu mara mbili.

Mtaalamu aliyekuja na Dodoso alikuwa mtu mpole aliyeungua shingo kwa jua. Alituonyesha kwamba ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa mtupu, una kichwa cha habari tu: Desturi za mahali ambazo Dodoso hili halikuzijua. Alisema ukurasa huo tuujaze wenyewe. Mkurugenzi wa Hesabu, Bwana Mpalule, alimshukuru, na wakati wa chai akaamuru uchanwe kutoka nakala zote, kwa kuwa serikali inayogawa karatasi tupu itaonekana haina la kusema.

Baada ya chai Mtaalamu aliuliza kama kuna sehemu za nchi ambako watu hula kwa mtindo mwingine. Bwana Mpalule aliwajibia watu milioni kumi na moja. Alisema sisi ni taifa la kisasa na kila mmoja anakula kwake, kwa uma.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mtaani kwetu, Kitopeni, kuna uwanja wenye nyumba saba, na nyumba hizo hupika kwa zamu.

"Binti," aliniambia Bwana Mpalule, "una stashahada wewe?"

Nikasema ninayo.

"Basi iheshimu."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kwa heshima ya kazi.

*

Sasa niieleze zamu, maana Dodoso halikuniuliza.

Wanaume wengi wa Kitopeni wako migodini, huonekana mara mbili kwa mwaka. Wanawake wa nyumba saba waliobaki waligawana siku. Mwenye siku yake hupika chakula cha jioni cha watoto wote wa uwanja. Watoto hula hapo, kwenye sinia, na wakishiba hulala hapo hapo kwenye mikeka, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayebeba watoto kumi na tisa waliolala. Wale wanawake sita wengine jioni hiyo ni yao. Mmoja atasuka ukili wa mkeka, mwingine atakwenda kumwangalia mgonjwa, mwingine atalala chali atazame dari na asiitwe na mtu. Siku moja ya kelele, siku sita za kuvuta pumzi. Mama yangu alikuwa Jumanne mpaka alipofariki, na mimi nimekua nikila siku zote saba.

Alhamisi ilikuwa ya Bi Mwatime. Huyo hakuwahi kuzaa, na sijawahi kumsikia mtu wa Kitopeni akisema hana watoto. Ana wa Alhamisi.

Siku ya hesabu ilipangwa iwe Ijumaa.

*

Nilianza kwa Siwatu, msusi wa mikeka, ambaye mumewe yuko mgodini na ambaye ndiye aliyenisuka nywele juzi yake. Nilisimama mlangoni na kishikwambi cha serikali, nikamsomea kama ilivyoandikwa: kaya hii ina watu wangapi?

"Tausi, unaniuliza mimi?"

"Ni swali, dada."

"Basi andika wawili. Mimi na Chiku. Yule mwenye pengo, kama serikali itataka kumtambua akipita."

Nikauliza kama Chiku alikula hapa jana jioni, na kama alilala hapa.

"Jana ilikuwa Alhamisi," alinijibu taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani.

Nilijaza kwamba hakula wala hakulala hapa, kisha nikaandika jina la Chiku. Kishikwambi kikalikataa. Nikaliandika tena, kikanikumbusha kwamba mdadisi anayeingiza mtu asiyekula wala kulala katika kaya ni mghushi wa takwimu za taifa, na mghushi hufungwa miaka mitatu. Nikaandika mtu mmoja. Nikauliza kama jiko liliwashwa. Halikuwashwa; Siwatu alikuwa amekunywa chai ya kwenye chupa na kipande cha muhogo wa mchana, akasuka mpaka akamaliza mkeka wa harusi ya watu. Nikauliza alikula na nani. Alikula peke yake, na alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyetoka likizo.

"Kwenye hicho kibao chako naonekana mkiwa wa kutupwa," alisema, akichungulia.

Nikamwambia ni kumbukumbu tu, haina madhara. Naliweka hilo hapa kwa kuwa hakuna fomu iliyowahi kuniuliza niliwaambia nini watu.

Kwa Bi Mwatime nilikuta sinia bado halijaoshwa na watoto wameshatawanyika. Nikahesabu waliokula na kulala: mtu mzima mmoja, watoto kumi na tisa. Dodoso likataka uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya.

"Weka wangu," alisema Bi Mwatime.

Nikamuuliza kama ni wa kuwazaa.

"Nizae kumi na tisa, na mgongo huu?"

Nikauliza kama ni wa kupanga, au wajukuu, au watumishi. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikabonyeza "Mengineyo", mara kumi na tisa.

*

Matokeo yalitangazwa baada ya wiki tatu, na taifa zima lilisimamisha kazi kuyasikiliza. Mheshimiwa Ngwembele alisema tumejitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza na tumejikuta wagonjwa. Kule kaskazini, ambako wafugaji hulala malishoni na mifugo wakati wa kiangazi, Dodoso lilikuwa limegundua ng'ombe mia tatu wasio na mkuu wa kaya. Lakini jeraha kubwa, alisema, ni Kitopeni. Kitopeni kuna wanawake sita wapweke, majiko yao yamepoa, hawana mtoto hata wa kutuma dukani. Na katikati yao bikizee mmoja amejikusanyia watoto kumi na tisa bila kibali. Aliposema bila kibali alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hatuwezi," alisema, "kuwa na takwimu za aina hii halafu tukalala."

Ukaanzishwa Mpango wa Marekebisho ya Kaya. Kaya Halisi, kwa kipimo cha nchi kumi na tisa, ina watu wanne nukta mbili. Wizara ilikaa siku tatu kuijadili ile nukta mbili, ikaafiki kwamba ni mtoto mchanga mpaka atakapotembea. Watoto wa Kitopeni wangegawiwa kaya zilizopungukiwa, ili mwaka unaofuata nchi ipendeze kwenye mkutano.

Mtaalamu alikuwa ameshaondoka. Barua yake ya kuuliza ukurasa wa arobaini na moja ulikwenda wapi iliwekwa kwenye jalada la salamu.

*

Siwatu alikuja kwangu na bahasha ya serikali mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nisomee," alisema. "Nimeisoma mara tatu sijajiona humo."

Ilikuwa imeandikwa kwa Ndugu Mkuu wa Kaya Isiyo na Mtoto. Ilimpongeza kwa kushiriki hesabu. Ilimtaarifu, kama jirani mwema, kwamba msichana aitwaye Chiku, miaka sita, asiye na kaya, atapatiwa Kaya Halisi Jumatatu ijayo katika Mtaa wa Bustani, mwendo wa saa nne kwa basi, na ikamwomba asimsumbue mtoto kwa kumuaga muda mrefu.

"Uliandika nini, Tausi?"

Nikamwambia niliandika yaliyoulizwa.

"Mimi nilikujibu yaliyopo."

Alikunja barua mara nne, akaichomeka kwenye pindo la kanga, na akaniuliza rufaa inakatwa wapi. Nikamwambia ni kwenye Baraza la Marekebisho ya Kaya. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeshapokea barua yangu mwenyewe. Nilikuwa shahidi. Barua haikusema wa nani.

*

Baraza lilikaa Ijumaa asubuhi katika ukumbi wa manispaa, chini ya uenyekiti wa Bwana Mpalule. Wanawake saba wa Kitopeni walikuja wote, na Chiku akiwa amevaa viatu vya mtoto wa nyumba nyingine, vikubwa kidogo, maana vyake vilivaliwa na mwingine siku hiyo. Katibu aliliona hilo akaliandika.

Siwatu alitoa cheti cha kuzaliwa. Bwana Mpalule alikisoma mbele na nyuma, akakisifu kwa mhuri wake, akaeleza kwamba kinaonyesha mtoto ametoka wapi, lakini hakionyeshi yuko wapi.

"Kuzaa ni tukio, mama. Kaya ni hali."

Akaita majirani watoe ushahidi. Hapo wenzetu wakamzamisha Siwatu bila kujua. Wa kwanza aliulizwa mtoto huyu ni wa nani, akasema ni wetu. Wa pili akasema ni wetu, na kwamba surua yake aliiuguza yeye. Wa tatu akasema wetu, anapenda ukoko. Bi Mwatime alisema huyu ni wa kwake kabisa, na akamgeukia Siwatu kuthibitisha, na Siwatu, ambaye hajui kusema uongo mbele za watu, akaitikia kwa kichwa. Katibu akaandika kwamba mtoto anadaiwa na watu saba, jambo ambalo kitaalamu ni sawa na kutodaiwa na yeyote.

Kisha wakaniita mimi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza zamu, siku, mikeka, kila kitu. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno, na maneno ninayo, hayajawahi kunipungukia. Bwana Mpalule alinyanyua kishikwambi.

"Majibu haya uliyajaza wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa, lakini—"

"Kuna lililo la uongo?"

Nilimtazama Siwatu. Nikaifikiria ile miaka mitatu. Nikapitia moyoni jibu moja baada ya jingine, jiko, chungu, paa, mtu mmoja, nikitafuta la uongo nilishike niliinue juu ukumbi mzima ulione. Halikuwepo. Kila jibu lilikuwa kweli.

"Hapana," nikasema.

"Asante. Kaa."

Nikakaa.

Mwisho akaitwa Chiku. Bwana Mpalule si mtu mbaya; alishuka kwenye kiti chake, akachuchumaa, akamshika bega kama baba. Alimwambia asiogope, atamuuliza swali moja dogo ambalo mtoto yeyote mwenye kwao analijua.

"Leo jioni unakwenda nyumbani. Kwenu ni wapi?"

Chiku alifikiri. Alitazama wanawake saba waliokaa kwenye benchi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamrudia Mkurugenzi, na akauliza kwa adabu:

"Leo siku gani?"

Kitopeni mtoto akiuliza hivyo ujue amelelewa: hataki kumwangukia mtu ambaye si siku yake. Ukumbini pale walisikia kitu kingine. Katibu mwenyewe alikunja uso kama aliyechomwa. Akaandika: mtoto hajui kwao.

*

Baraza lina huruma, na huruma yake ina fomu. Bwana Mpalule alirudi kitini akasema ipo njia moja, inaitwa Kiapo cha Jiko. Mama atie sahihi kwamba kuanzia leo atawasha jiko lake kila jioni, mtoto wake atakula chungu chake tu na kulala kwake tu, na mtoto wa mwingine hatakaribishwa kwenye chungu hicho. Mkaguzi atapita kwa miezi sita. Akikuta sahani ya ziada, mtoto anakwenda Mtaa wa Bustani.

Siwatu aliishika kalamu asiandike. Aliuliza kama mwanawe anaweza kula kwa Bi Mwatime angalau siku moja, Alhamisi. Bwana Mpalule akasema kaya haina angalau.

"Nikitia sahihi hii," Siwatu aliwaambia wenzake, si Baraza, "nawafungia wenu."

Kila mmoja alikuwa na barua yake ndani ya pindo la kanga. Bi Mwatime ndiye aliyesema.

"Tia, mwanangu. Mtoto asiende."

Akatia sahihi. Wakafuata wengine watano, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipokea kalamu kwa mwenzake bila kumtazama. Kalamu ilipomfikia Bi Mwatime aliuliza na yeye aandike wapi. Katibu alipekua karatasi zote. Hapakuwa na mahali pake, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwapia.

*

Kitopeni sasa ni mfano wa taifa. Wageni huletwa kutazama. Ikifika magharibi utaona moshi wa majiko sita kwa mpigo, na wanawake sita wanapika kila siku ya Mungu. Hakuna mkeka wa harusi uliomalizika tangu mwezi huo. Waziri alisema moshi ule ni ushahidi kwamba majiko yaliyopoa yamepata uhai.

Mafanikio hayakuishia hapo. Hesabu mpya iligundua bikizee mmoja anayeishi na kula peke yake, na Wizara, ambayo haiwezi kuona takwimu za aina hiyo ikalala, ikaanzisha Mpango wa Kupambana na Upweke wa Wazee. Kila Jumanne afisa humtembelea Bi Mwatime kwa dakika ishirini, humsomea maswali kumi na mawili, na kuondoka. Anasema afisa ni mtu mwema, ila haketi.

Mkaguzi wa Kitopeni ni mimi. Nilipandishwa cheo kwa ukweli wa majibu yangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumkagua Siwatu. Ilikuwa Alhamisi, saa ya chakula. Alinikaribisha ndani kama wanavyokaribishwa wakaguzi, kwa kiti. Zamani ningekaa mkekani. Chungu kimoja, sahani mbili, mama na mtoto. Wali umepikwa vizuri, maharage ya nazi yanatoa mvuke. Kila kitu kilikuwa sawasawa na ukurasa wa kwanza.

Chiku alikuwa ameshanawa. Amekaa mbele ya sahani yake, mikono ameiweka mapajani, hagusi chakula. Nilisubiri, kwa sababu fomu inanitaka nione mtoto akila. Wali ukaanza kupoa.

"Kula, mama," alisema Siwatu.

"Wenzangu hawajaja."

"Kula tu."

"Hatujatimia," alisema Chiku, na akaendelea kuutazama uwanja kupitia mlangoni. Upande wa pili watoto wengine walikuwa wamekaa hivyo hivyo kwenye milango yao, kila mmoja na sahani yake, wakitazamana.

Siwatu hakunitukana. Alisogea akakaa karibu na mwanawe, akatwaa tonge dogo kutoka kwenye sahani ya mtoto, akalila yeye ili kumwonyesha kwamba inawezekana kuanza. Chiku akamtazama mama yake kama mtu aliyefanya jambo la aibu mbele ya mgeni.

"Tausi," alisema Siwatu, bila kuinua uso, "ukitoka tufungie mlango."

Nikatoka. Nikaufunga.